Jina Lisilotajwa Sabaki

Siku tuliyomzika Mekazungu, mpwawe aliyesoma historia ya marehemu alifika mahali pa mume wa Mekazungu akasema, "Aliondokewa na mwenzake mapema," kisha akageuza ukurasa. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai pamoja na Kadzo, binti wa marehemu, ambaye sasa ana nyumba yake Kibarani, ana mjukuu, na ana mvi zake mwenyewe. Kadzo alinishika mkono. Wazee wote waliokuwa pale walijua yule bwana alikufa vipi, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kutazama upande wa mto, ingawa mto ulikuwa karibu hata harufu yake ya tope tuliisikia pale tulipokaa. Nikajiambia: miaka yote hii, na bado. Ninayaandika haya kwa sababu ya ule ukurasa uliogeuzwa upesi.

Nilikwenda kule nikiwa na umri wa miaka ishirini, katikati ya miaka ya themanini, mwaka uliofuata ule wa njaa. Nilikuwa mwalimu asiye na mafunzo, na shule niliyopewa ilikuwa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ukiiacha barabara ya Garsen. Mimi ni mtu wa Malindi mjini. Maji kwetu yalikuwa ya bomba au ya kisima cha msikiti, na mto nilikuwa nimeuona nikiwa juu ya daraja tu. Nilipangiwa chumba kwa mjane mmoja wa Kigiriama aliyeitwa Mekazungu, yaani mama yake Kazungu. Huyo Kazungu mwenyewe alikuwa kibarua wa chumvi Marereni na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, midomo imempasuka. Nyumbani walibaki mama na Kadzo, msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wangu wa darasa la tano. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza ya mbao za sanduku, na dirisha lisilozidi ukubwa wa atlasi. Ukuta wa kati ulikuwa wa fito na udongo na haukufika juu. Uliishia kimo cha mtu, na kutoka pale hadi makutini palikuwa wazi. Kila kilichosemwa upande wa pili kilinipandia na kunishukia kitandani. Kigiriama nilikijua nusunusu, kama mtu wa mjini anavyokijua, na ile nusu niliyoikosa ndiyo iliyokaribia kuniua.

Mekazungu alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye kusema kidogo. Alininunulia chungu changu peke yangu, akaniambia hakijawahi kuingia nyama ya porini, niwe na amani nacho. Chakula kilikuwa sima ya yale mahindi ya manjano ya msaada, ambayo watu waliyala huku wakiyasengenya, na mboga ya mchunga iliyo chungu mpaka masikio yanasimama. Siku njema kulikuwa na ng'onda, samaki wa kukaushwa, aliyetoka Mambrui. Tulikula ukumbini jua likiwa linaelekea kuzama, watatu sinia moja, na mara nyingi mtu wa nne alikuwa Sidi, mke kijana wa boma la jirani, aliyeolewa mwaka uleule. Sidi alipenda kucheka. Akicheka hufunika meno kwa leso yake, na Mekazungu humtazama kama anayetazama maziwa yanayokaribia kuchemka yakamwagika. Ilikuwa kwa Sidi, au tuseme kwa maneno aliyoambiwa Sidi, ndipo niliposikia mara ya kwanza habari ya kifo cha mume wa Mekazungu. Nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari. Upande wa pili Mekazungu akasema, "Tangu gogo limchukue baba yake Kazungu, mimi maji yale nayaingia hadi vifundoni, sipiti." Nikamhurumia. Nikaona picha ya mto uliofurika, gogo linakuja na mkondo, linampiga mtu kifuani. Nikaona ni kifo cha bahati mbaya, kama cha mtu aliyeangukiwa na nazi. Nikaendelea kusahihisha.

Visima vilikuwa havijarudi tangu ukame, kwa hiyo maji yalitoka mtoni. Wanawake walikwenda kwa kundi saa nne za asubuhi, na watoto baada ya masomo. Nilipokwenda nao siku za mwanzo niliona mambo ambayo sikuyaelewa. Wakikaribia maji, mazungumzo hukatika. Sidi mwenyewe hufumba mdomo. Mmoja husimama ukingoni hachoti, anatazama tu, na wengine huinama upesi, hujaza, hurudi nyuma bila kuupa mto mgongo. Nikimwuliza Mekazungu wanaogopa nini, ananijibu, "Mto una mwenyewe." Nilidhani ni mambo ya pepo. Leo naona kwa nini hakuna aliyenieleza. Kunieleza kungelazimu kulitaja jina, na jina ndilo walilokuwa wakilikimbia. Na kila mmoja alidhani mtu mzima, tena mwalimu, hawezi kukosa kujua.

Muhula wa pili nilibuni somo nililojivunia. Darasa la tano lilikuwa na watoto wa Kigiriama wengi, Wapokomo watatu, mtoto wa duka aliyekuwa Mbajuni, na kijana mmoja wa Kiorma ambaye baba yake alikuja na ng'ombe zake kutafuta majani. Nikawaambia: nitachora mnyama ubaoni, na kila mmoja atatuambia kwao anaitwaje. Walifurahi kupita kiasi. Nilichora tembo, nikaandika ndovu, Wagiriama wakapaza sauti, "Ndzovu!" na yule Muorma akasema, "Arba." Nilichora chui, wakasema, "Tsui!" Nilichora sungura, wakasema, "Katsungula!" wakacheka kwa sababu masikio niliyachora marefu kama ya punda. Nikafuta ubao. Nikachora mkia, mgongo wa misumeno, mdomo mrefu. Nilikuwa bado sijamaliza miguu nilipohisi kimya nyuma yangu. Nikaandika chini yake: mamba. Nikasema, "Haya, semeni nyote."

Hakuna aliyesema. Watoto arobaini walitazama madaftari yao. Yule Muorma peke yake, mgeni kama mimi, alinong'ona, "Naacha," kisha naye akaona wenzake, akainama. Nikarudia neno lile kwa sauti ya juu, mara mbili, mara tatu, kama tulivyofundishwa sisi, nikidhani wamechoka. Kisha nikamwita Kadzo, kwa kuwa nilikula naye sinia moja na nilijua si mjinga. Akasimama. Midomo aliibana mpaka ikabadilika rangi. "Kadzo, mnyama huyu anaitwaje?" Akanitazama kama anayeniomba kitu. Mimi nikaona ujeuri. Nikamtoa nje, nikamsimamisha juani hadi kengele ya mapumziko.

Mwalimu mwenzangu, Mwalimu Jilo, alinikuta nikinywa chai katika chumba cha walimu, ambacho kilikuwa pia stoo ya majembe. Alikuwa Mpokomo wa mto Tana, mtu wa makamo, mpole, na alitembea akivuta mguu wa kushoto. Alikuwa ameyasikia yote kupitia ukutani. "Bi Rukia," akaniambia, "yule mtoto umemwonea." Akaikunja suruali. Kwenye shavu la mguu palikuwa na alama za mashimo, zimepangika nusu duara, ngozi imevutana katikati kama mfuko uliokazwa uzi. "Kwetu huyu tunamwita ngwena," akasema, "na tunamtaja asubuhi na jioni. Hapa hawamtaji. Wanasema ukimtaja umemwita, na akiitwa anakuja." Nikamwuliza kama anaamini. Akaishusha suruali taratibu. "Mimi siku ile nilikuwa sijamwita mtu," akasema. Hakuniambia watu wa pale wanamwitaje badala yake, na mimi sikuwa na akili ya kuuliza.

Baadaye maishani nimelifuata jina hilo kama mtu anayefuata nyayo za mwizi. Ngwena ya Mwalimu Jilo nimeikuta mbali sana na Tana. Watu wa kusini, kule kwa mto Zambezi na kupita, humwita kwa jina hilohilo au nduguye. Mamba yetu nayo, ukiifikisha huko kusini, ni nyoka, tena yule wa kuua kabla hujamaliza shahada. Wasomali wana yahasi, Waarabu timsahi. Wazungu walirithi neno lao kwa Wayunani, na maana yake ya asili, nilivyosoma, ni mnyoo wa changarawe, kana kwamba ni kidudu cha kukanyaga kwa kiatu. Nilipoisoma hiyo nilifunga kitabu. Nilijiona tena katika chumba kile cha udongo, nikajua walioanza kulisema jina hilo walikuwa wakifanya nini. Mtu hamdogoshi namna ile ila yule anayemwogopa.

Jioni ya siku ile ya somo Mekazungu aliweka sima, akaosha mikono, akakaa. Kadzo hakunyanyua uso. Tulikula matonge mawili matatu kwanza. "Mwalimu," mama akaanza, "mwanangu umemweka juani kwa kosa gani?"

"Alikataa kusema neno, mama."

"Neno gani?"

Nikafungua mdomo. Akanyanyua mkono wake wenye sima, kiganja kimenielekea. "Basi. Usiliingize nyumbani kwangu."

Nikaomba radhi. Akasema yamekwisha, na kweli hakuyarudia. Lakini tangu jioni ile nilianza kuogopa nisichokijua. Nilianza kusikia mambo: kikohozi kizito kutoka upande wa mto kabla ya magharibi, mbwa aliyekuwa akibweka akinyamaza ghafla. Nikienda kuchota maji, nilinyamaza nami kama wao. Nilikuwa nimepokea hofu yao nzima, na sikupokea lile neno moja ambalo hofu hiyo ilikuwa imelihifadhi kwa ajili ya kumwokoa mtu.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri. Mekazungu alikuwa shambani. Maji ya kuoga yalikuwa yamekwisha, nikamwambia Kadzo twende tu sisi wawili, tuchote ndoo moja moja turudi. Hakupenda, ila alikuwa mtoto na mimi mwalimu. Mvua zilikuwa zimenyesha bara, mto umepanda kidogo na umekuwa rangi ya chai ya maziwa, na ulikuwa unashusha vitu: matawi, majani ya migomba, magogo. Kuni zilikuwa shida mwaka ule. Wiki hiyohiyo wanawake walikuwa wamevuta gogo zima la mkuyu nchi kavu, wakaligawana. Kadzo alisimama ukingoni kutazama. Mimi nikaingia hadi magotini, maana pembeni kulikuwa na tope na nilitaka maji safi.

"Mwalimu," Kadzo akasema, kwa sauti ndogo. "Gogo."

Nikatazama. Kweli palikuwa na gogo, la kahawia, limezama nusu, hatua kama kumi kutoka kwangu. Nikafurahi. "Nimeliona," nikasema. "Kubwa hilo. Njoo tulivute, mama atafurahi."

"Mwalimu, gogo! Gogo!" Sasa alikuwa analia.

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikadhani analia kwa uvivu wa kuingia majini. Nikaiacha ndoo ielee mbele yangu, nikapiga hatua kuliendea lile gogo, na nikanyoosha mkono. Nakumbuka niliona kwamba mkondo unaelekea kushoto, na gogo haliendi kushoto. Nililiona jambo hilo kwa macho, lakini akili haikulipokea. Ndipo nyuma yangu ikapanda sauti ambayo sikuijua ni ya nani, sauti ya mtu anayeng'olewa kitu ndani ya mwili:

"Mamba! Mwalimu, mamba! Mamba!"

Mwili wangu ulilielewa neno kabla yangu. Nilijirusha nyuma. Maji yalifumuka pale nilipokuwa nimesimama, nikasikia mlio kama wa mlango mzito ukifungwa, na ndoo ya plastiki ikalia kwa kupasuka. Kadzo alikuwa amenishika nywele kwa mikono miwili, ananivuta. Tulitambaa juu ya ukingo kwa magoti na viwiko, tukakimbia hadi kwenye mashamba ya mahindi, na huko nikaanguka. Nilikuwa nimekwenda haja ndogo bila kujua. Nilimtazama Kadzo nikitaka kumkumbatia, nikamwona amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka. Yeye hakuwa akiutazama mto. Alikuwa akitazama ng'ambo, walikokuwa wanawake wawili wakifua, nao wamesimama wima, wakituangalia.

"Usimwambie mama nimesema," akaniambia kupitia vidole.

Siku ya kumi baada ya hapo, Sidi alichukuliwa. Tulikuwa darasani, saa nne imepita. Tulisikia ukemi wa kwanza, kisha mwingine, kisha mfululizo, na watoto wakajua kabla yangu. Mwalimu Jilo alitoka mbio na mguu wake ule. Kulipatikana leso na mtungi, mtungi haukuvunjika hata kidogo. Hakukuzikwa mwili, walizika mgomba, kama desturi ya mtu asiyeonekana, na mumewe, kijana wa miaka ishirini na mbili, alikaa kando ya lile shimo ameshika mtungi mapajani. Sikuweza kula kwa siku tatu. Kila nikishika tonge nilimwona Sidi akifunika meno.

Kisha nikaanza kusikia maneno. Yalipita juu ya ukuta wa fito kama yalivyopita yote. Mama mkwe wa Sidi alikuja, akakaa na Mekazungu, hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema, "Mimi sina ugomvi nawe. Lakini yule wa majini aliitwa. Waliokuwa wanafua walisikia, mara tatu. Wewe ukiitwa kwa jina lako, si utakuja? Naye alikuja, akakuta aliyemwita hayupo, akachukua aliyekuwepo." Kesho yake wanawake walipita nyumbani kwetu bila kuita hodi. Shuleni, watoto waliokaa dawati moja na Kadzo walihamia nyuma. Akitembea njiani, wenye watoto wadogo huwavuta ndani. Mimi hawakunigusa kwa neno, na hilo lilinitesa zaidi, kwa kuwa nililitaja jina lile mara tatu ubaoni mbele ya watoto arobaini, na siku ile mtoni ni mimi niliyemlazimisha Kadzo kwenda. Ila mimi nilikuwa mgeni, na mgeni hahesabiwi kuwa anaweza kuita kitu cha pale kikaitika.

Baraza liliitwa Ijumaa alasiri katika darasa la tano. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda hadi vifuani, na mahali pengine ningecheka. Mzee Charo, aliyekuwa mzee wa mtaa, alizungumza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Alisema hakuna anayemchukia mtoto. Lakini jina limetolewa majini na lazima lirudishwe. Aliyeita ndiye wa kurudisha. Kadzo atapelekwa palepale, ataingia maji hadi magotini, wazee watasema maneno yao, naye ataliomba jina lirudi, kisha atatoka. Ni dakika chache tu, akasema. Nilimtazama Kadzo aliyekaa sakafuni karibu na mlango. Alikuwa ameivuta miguu yake chini ya gauni.

Nilisimama nikasema kwa Kiswahili changu cha mjini kwamba kosa ni langu, nami ndiye wa kuingia. Sauti yangu haikunitosha. Nilijua nasema uongo, kwamba wakikubali sitaweza, na nadhani nao walijua. Mwalimu Jilo akasimama akasema kwao Tana wanamtaja ngwena kila siku na wanapoteza watu kila mwaka, na waliopoteza watu hapa wamekuwa wakinyamaza kila siku nao pia wanapoteza; basi si jina. Akasema linalohitajika ni uzio wa miti na miiba majini na kata za kuchotea za mpini mrefu. Wazee walimsikiliza kwa heshima. "Mto wako una desturi zake, Mwalimu," Mzee Charo akamjibu, "na huu una zake."

Ndipo Mekazungu alipoinuka. Mwanamke hakutarajiwa kusema pale bila kuulizwa. Hakuwatazama wazee; alitazama ubao.

"Baba yake Kazungu mmenizikia nyinyi," alisema. "Hamkuniuliza nilichokiona. Mto ulikuwa umefura siku ile. Magogo yalikuwa yanapita, mengi, mnakumbuka. Mimi nilikuwa ukingoni, yeye yu majini anavuta kuni. Nikamwona mwenyewe wa mto. Nikamwambia mume wangu, gogo. Akageuka akanitazama, akaniuliza, lipi?" Macho yake yalikuwa bado ubaoni. "Aliniuliza lipi. Magogo yalikuwa manne. Nikasema tena, gogo, nikanyoosha kidole. Akatazama lile la mbali. Jina lilikuwa hapa," akagusa koo, "nikalimeza. Nililimeza kama mlivyonifundisha. Sikumwita mtu, wazee wangu. Na alikuja."

Mzee Charo akainua mkono kumkatiza, lakini hakumngoja.

"Mwanangu hakumeza," Mekazungu akasema. "Kwa hiyo mwalimu huyu yuko hai, amekaa pale. Mnataka kumwingiza majini? Mtaniingiza mimi kwanza. Nami nikisimama mle nitalisema. Nalisema hata sasa." Akageuka, akawatazama mmoja mmoja, akalisema. Alilisema polepole, silabi mbili, kama mtoto anayesoma kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja akaziba masikio. Kadzo akajikunja na kujificha uso magotini.

Hawakumwingiza Kadzo majini. Wala hawakusema wamemsamehe. Baraza lilitawanyika bila kufungwa, watu wakitoka mmoja mmoja kama waliosikia mwito kutoka majumbani mwao. Wiki iliyofuata Mwalimu Jilo na akina baba wanne walikata miti na miiba, wakapiga uzio ndani ya maji, na kata zikafungwa kwenye mafito marefu. Mume wa Sidi alifanya kazi kuliko wote, hakusema neno na mtu. Uzio ule ulisimama miaka mingi. Lakini hofu ya watu haikuingia ndani ya uzio. Hadi muhula wa mwisho hakuna mwanamke aliyechota maji wakati mmoja na Kadzo, na mama yake alikwenda naye peke yao, jua la utosi, wakati wengine wamerudi. Na mimi, ambaye sikuwahi kuogopa neno lolote la lugha yoyote, nilijikuta nikiliruka lile nikisoma kwa sauti. Tangu hapo nimewaza mara nyingi: pengine neno mamba lenyewe lilikuwa gogo la watu wa zamani. Pengine palikuwa na jina lililotisha kuliko hilo, watu wakalificha nyuma ya lingine, hilo lingine likazoeleka, likapata meno, nalo likahitaji kufichwa. Sina ushahidi. Nina ndoo iliyopasuka tu na mtungi uliokuwa mzima.

Shule zilifungwa Novemba. Mekazungu hakuniuliza; asubuhi ya kuondoka kwangu nilikuta nguo za Kadzo zimefungwa kwenye leso, zimewekwa juu ya sanduku langu. Alisema tu kwamba mtoto atasoma mjini, akae kwetu, awasaidie mama zangu kazi za nyumbani, na mimi nihakikishe anasali kwa namna yoyote nitakayoona ni njema. Tulitembea watatu ile saa moja na nusu hadi barabarani, yeye mbele amebeba sanduku kichwani, hakupumzika. Kadzo alilia njia nzima bila kutoa sauti. Kwenye barabara tulisimama upande wa kivuli. Mekazungu alimpangusa mtoto uso kwa ukingo wa leso yake, akamkaza vifungo vya gauni, kisha akanivuta kando.

"Huko kwenu Malindi," akaniuliza, "kuna mto?"

"Hakuna, mama. Kuna bahari."

"Na humo baharini, kuna nini?"

Nilijua anachouliza. "Kuna papa," nikasema.

"Watu wenu wanamwitaje?"

"Papa."

"Hata wakiwa majini?"

"Hata wakiwa majini, mama. Wakimwona wanapiga kelele kwa jina lake."

Alilipima jibu langu kwa muda mrefu, akinitazama mdomoni badala ya machoni. Kisha akamshika Kadzo mabegani, akamgeuza, akamsukuma taratibu kuja upande wangu.

"Basi mchukue," akasema.